Usiku wa kwanza melini ni wa kijana wako

Familia inapopanda meli ya kitalii, mtu wa kumfikiria kwanza si bibi mwenye miaka 70 wala mtoto wa miaka sita. Bibi atapata kiti kizuri kwenye sitaha, chai wakati wowote anaotaka, na wazee wenzake wa kupiga nao soga. Mtoto wa miaka sita atapelekwa kwenye chumba cha michezo, na kabla ya jua kuzama atakuwa na rafiki ambaye hata jina lake halijui. Anayesahaulika ni kijana wa miaka 16 au 17. Ameshakuwa mkubwa kiasi cha kuona haya kuongozana na wazazi kutwa nzima, lakini bado hajafikia umri wa kuingia kwenye kumbi za watu wazima. Asipopata wa rika lake, atalala mpaka saa sita mchana, atakula bila kusema neno, na safari iliyomaliza akiba ya familia itapita yeye akiwa amejiinamia na simu yake.

Safari hizi si ngeni tena kwa watu wetu. Familia za Kitanzania, Kikenya na Kikongo zinazoishi Texas, Maryland au Florida ziko jirani na bandari zinakoanzia meli hizo: Galveston, Baltimore, Miami, Fort Lauderdale na Port Canaveral. Shule zikifungwa, ndugu huchanga, wakachukua vyumba vitatu au vinne katika meli moja inayozunguka visiwa vya Karibea. Mjomba anatoka mji huu, shangazi mji ule, na mama mkubwa amekuja kutoka nyumbani kuwaona wajukuu. Ni jambo jema la kuunganisha ukoo. Lakini katika mazungumzo yangu na wazazi waliosafiri hivyo, swali moja hujirudia kila mara: yule mkubwa tumfanyeje?

Jibu langu ni fupi. Mpeni nafasi mapema, kisha muondoke njiani. Urafiki wa vijana melini hujengwa katika siku ya kwanza na ya pili, na katika siku hizo hizo ndipo wazazi, kwa mapenzi yao yote, huwabana watoto wao kuliko wakati mwingine wowote.

Kukutana tena na tena

Mwaka 1950, watafiti Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha kazi yao kuhusu makazi ya wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT, Marekani. Walitaka kujua watu huchaguaje marafiki. Walichokuta ni kwamba ukaribu wa milango ulikuwa na nguvu kubwa ajabu. Waliokaa nyumba zinazopakana, au waliopita ngazi moja kila siku, ndio waliokuwa marafiki. Watu walipendana kwa sababu walikutana, na walikutana kwa sababu jengo liliwakutanisha.

Sasa chukua meli kama Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024. Ina urefu wa takriban mita 365, sitaha 20, na inaweza kubeba abiria hadi 7,600, mbali na wafanyakazi zaidi ya 2,000. Huo ni mji mdogo. Kijana anaweza kucheka na mwenzake kwenye bwawa la kuogelea asubuhi, wakaachana bila miadi, wasionane tena mpaka meli irudi bandarini. Wingi wa watu peke yake haumpatii mtu rafiki. Kinachotakiwa ni mahali pamoja ambapo sura zilezile zitarudi kesho na keshokutwa.

Muda nao una hesabu yake. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alionyesha katika utafiti wake wa 2018 kwamba huchukua takriban saa 50 za kuwa pamoja ili mtu unayemfahamu juujuu awe rafiki wa kawaida, kama saa 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 kuwa rafiki wa karibu. Piga hesabu ya safari ya siku saba. Kijana anayekaa na wenzake tangu saa mbili usiku hadi saa saba usiku anapata saa tano kila siku, yaani 35 kwa juma. Ongeza siku mbili ambazo meli haitii nanga popote, akashinda na wenzake mchana kutwa, na zile 50 zinafika. Anayeanza siku ya nne amekwisha kupoteza karibu nusu ya muda huo, na wenzake wameshakuwa na vikundi vyao, utani wao na meza yao.

Klabu na mipaka yake ya umri

Kampuni kubwa zote za meli za familia zina klabu za vijana, na kwa kawaida gharama yake imo ndani ya nauli. Carnival huwatenga wa miaka 12 hadi 14 katika Circle C, na wa 15 hadi 17 katika Club O2. Norwegian ina Entourage kwa wenye miaka 13 hadi 17. Disney ina Vibe kwa wa 14 hadi 17. MSC nayo hutenganisha wadogo wa 12 hadi 14 na wakubwa wa 15 hadi 17. Kwa familia zinazoishi Uingereza, P&O Cruises ina H2O kwa wa 13 hadi 17.

Mipaka hii si jambo dogo. Kijana wa miaka 17 akiingia chumba kilichojaa watoto wa miaka 13, atageuka mlangoni na hatarudi tena. Kama mwanao yuko ukingoni mwa umri, meli inayotenganisha wadogo na wakubwa itamfaa zaidi. Uliza pia kama umri unahesabiwa siku ya kupanda meli, maana kampuni nyingi hufanya hivyo, na si rahisi kuwashawishi wabadilishe kundi kwa sababu binamu zake wako upande wa pili.

Tarehe ya safari nayo ina uzito kuliko meli yenyewe. Juni hadi Agosti, mapumziko ya Machi na Aprili, na majuma ya Krismasi, vijana hujaa. Septemba na Oktoba nauli hushuka, lakini klabu inaweza kuwa na vijana wachache mno, kwa kuwa wengi wako shuleni. Safari ndefu za siku kumi na zaidi huvuta wastaafu. Mzazi anayetaka mwanae apate wenzake asitazame bei peke yake. Siku saba wakati wa likizo za shule, kwenye meli kubwa, ndilo chaguo lenye matumaini zaidi.

Mlangoni mwa klabu

Abiria huanza kupanda karibu na saa tano au sita mchana, na meli huondoka bandarini jioni. Katikati ya saa hizo klabu ya vijana hufungua milango ili familia zije kuitazama na vijana waandikishwe. Baada ya hapo, wazazi hawakaribishwi tena, na ndivyo inavyotakiwa.

Katika saa kama hiyo nilisimama mlangoni na mpwa wangu wa miaka 16. Alikuwa amevaa kofia ya sweta kichwani, ingawa kulikuwa na joto, na kidole gumba chake kilikuwa kikipandisha na kushusha picha zilezile kwenye simu. Ndani, wavulana wawili na msichana mmoja walikuwa wamesimama kwenye ile meza ya mpira inayochezwa kwa kuzungusha vijiti. Walikuwa watatu, na mchezo ulitaka wanne. Mhudumu mmoja, binti mwenye fulana ya meli, hakumwuliza mpwa wangu anatoka wapi wala anasoma darasa la ngapi. Alimwambia tu: "Upande huu hauna kipa." Mpwa wangu aliweka simu mfukoni na kushika kijiti. Mpira wa kwanza ulimpita, wa pili akauzuia, na yule msichana akapiga kelele ya furaha. Mimi nilirudi nyuma hatua mbili, kisha nikaondoka kabisa.

Funzo langu ni kwamba kijana mkubwa hashindwi kuongea. Anashindwa kupata sababu ya kusogea. Kumwambia "nenda kajitambulishe" ni kumtwisha mzigo ambao watu wazima wengi wenyewe hawaubebi. Mpe kitu cha kufanya kwa mikono. Mchezo unaopungukiwa mtu mmoja, zamu ya kupanda ukuta wa kamba, mashindano ya mpira wa kikapu, kundi la chemsha bongo linalotafuta mtu anayejua soka, karaoke ya watu watatu: hayo yote humleta mtu kati ya wenzake bila kumlazimisha kujieleza. Ratiba ya shughuli hutolewa kila siku, kwa karatasi au kwenye programu ya meli ndani ya simu. Keti naye jioni ya kwanza, mwachie achague mawili ya usiku huo na moja la kesho. Achague yeye.

Wanampenda kuliko anavyodhani

Vijana wengi hurudi chumbani baada ya saa moja wakisema, "Hawakunipenda." Kabla ya kukubali, mzazi ajue jambo hili. Mwaka 2018, Erica Boothby na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu watu wanaozungumza kwa mara ya kwanza. Mara nyingi kila mmoja alidhani mwenzake hakumpenda sana, kumbe mwenzake alikuwa amevutiwa naye zaidi ya hapo. Hali hiyo ilionekana hata kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliokaa bweni moja, na iliendelea kwa miezi kadhaa.

Mwambie mwanao hivyo, kwa lugha yenu ya nyumbani. Mwambie kwamba yule aliyekaa kimya pembeni naye anadhani hapendwi. Kisha mwombe arudi mara ya pili. Mara ya kwanza kila mtu ni mgeni. Mara ya pili tayari anakuta sura mbili tatu anazozijua, na mtu wa kumwambia, "Jana ulikimbilia wapi?"

Watoto wetu wana mzigo wa ziada wakati mwingine. Jina lake hutamkwa vibaya, lafudhi huulizwa, nywele hutazamwa. Wengine ndio Waafrika pekee katika chumba kile. Usimwambie apuuze tu. Mkubaliane kabla ya safari namna ya kujibu kwa ufupi na kwa heshima, kisha aendelee na mchezo. Lakini maudhi yakizidi, apeleke kwa mhudumu wa klabu na kwako. Kukaa mahali unapodhalilishwa si ujasiri.

Mtoto si yaya wa ukoo

Hapa nataka kusema na wazazi wa kwetu bila kuzunguka. Tunaposafiri kama ukoo, kijana mkubwa hugeuka msaidizi wa kila mtu. "Mwangalie mdogo wako kwenye maji." "Mpeleke bibi chooni." "Kaa na watoto, sisi tunaenda kutazama onyesho." Ni malezi mema nyumbani, na kumtunza bibi ni fahari. Lakini kijana anayeshika mkono wa mtoto wa miaka minne kutwa nzima hawezi kuingia kwenye kikundi cha wa rika lake. Meli ina chumba cha watoto wadogo chenye walezi waliofunzwa. Kitumieni, na mgawane zamu watu wazima kwa watu wazima.

Jambo la pili ni chakula cha usiku. Kwenye meli zenye meza na saa maalumu, zamu ya kwanza huwa karibu na saa kumi na mbili jioni na ya pili karibu na saa mbili usiku. Zamu ya pili huangukia saa ambazo klabu inachangamka. Kwa familia yenye kijana mkubwa, ningechagua ya kwanza, ale na ninyi, kisha usiku uwe wake. Wekeni mlo mmoja kwa siku ambao ni lazima awepo, na mwingine wowote mwachieni ale na wenzake. Kwenye bafe na piza za usiku ndiko urafiki mwingi wa vijana melini hukomaa, kwa sababu hapo hakuna mhudumu wala ratiba, kuna njaa na hadithi.

Jambo la tatu, msimfuate. Usimwite kwa sauti kutoka upande wa pili wa bwawa. Usiende kuwasalimia marafiki zake wapya ukitaka kujua wazazi wao ni akina nani, siku ya kwanza. Utawajua tu, maana melini hakuna pa kujificha kwa siku saba.

Na sheria iwe moja kwa wa kike na wa kiume. Nimeona familia ambazo kaka wa miaka 15 anazunguka mpaka saa sita usiku, na dada yake wa miaka 17 anaitwa chumbani saa tatu. Yule dada hurudi nyumbani bila rafiki na akiwa na kinyongo. Kama kuna hatari, ni hatari kwa wote wawili, na kinga yake ni ileile.

Uhuru wenye kamba

Kumpa nafasi si kumtelekeza. Katika Carnival na Royal Caribbean, wenye miaka 17 na chini hawaruhusiwi kuzurura peke yao baada ya saa saba usiku. Pombe katika meli zinazotoka Marekani ni kwa waliotimiza miaka 21. Klabu za vijana hazitoi kileo, na hilo huwatuliza wazazi wengi, wakiwamo wenye kushika dini.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 kuhusu usalama wa meli za abiria ilizitaka kampuni ziweke tundu la kuchungulia kwenye milango ya vyumba, ziinue vizuizi vya pembeni mwa sitaha, na zitoe taarifa za uhalifu mkubwa kwa FBI. Meli ni mahali palipolindwa, lakini imejaa watu usiowafahamu, na si nyumbani.

Kwa hiyo kanuni ziwe chache na zisizobadilika. Haingii chumba cha mtu mwingine, na mtu mwingine haingii chake. Wakutane mahali pa wazi. Hapokei kinywaji ambacho hakukiona kikimiminwa. Hapandi wala kukaa juu ya vizuizi vya sitaha, hata kwa picha. Hashuki bandarini bila mtu mzima wa familia. Na akihama kutoka sehemu moja kwenda nyingine usiku, anatuma ujumbe. Meli nyingi zina huduma ya kuandikiana ndani ya programu yao; baadhi hutoa bure, nyingine kwa ada ndogo, na si lazima kununua kifurushi cha intaneti. Kanuni chache anazozikumbuka zinamlinda kuliko ishirini atakazozikwepa.

Aliyetimiza miaka 18

Walio katika hali ngumu kuliko wote ni wa miaka 18 hadi 20. Klabu ya vijana imewafungia mlango, na baa haijawafungulia. Disney ina shughuli zao chini ya jina la 1820 Society. Meli nyingine huweka kwenye ratiba mkutano wa wenye umri huo, mara nyingi jioni za mwanzo, bila mhudumu wa kuuongoza. Asipoenda siku hiyo, hataupata tena mkusanyiko ulio tayari.

Kwa hawa, njia ni kuhudhuria mahali pamoja kwa saa ileile kila siku: uwanja wa kikapu saa kumi alasiri, chumba cha mazoezi asubuhi, darasa la kucheza dansi, ukumbi wa muziki usiku. Wakikubali kupangiwa meza kubwa ya kuchangia na familia nyingine, wanaweza kukaa na wa rika lao. Na ikiwezekana, mwalikeni binamu au rafiki mmoja asafiri naye. Wawili huwasogelea wengine kwa urahisi kuliko mmoja. Lakini wawe wawili tu: binamu sita hugeuka ukuta, na watoto wa watu wengine hawaupandi.

Kabla ya kuagana

Usiku wa mwisho abiria wengi huacha mizigo nje ya milango ya vyumba, na asubuhi watu huteremka kwa mafungu, kila mtu akikimbilia gari au ndege yake. Wengi hupotezana hapo. Mkumbushe kijana wako abadilishane mawasiliano na wenzake siku moja kabla. Wapo watakaoandikiana kwa wiki mbili kisha wanyamaze, na si vibaya. Wengine wataendelea, na mtoto wa Houston atakuwa na mtu wa kumsalimia Manchester au Toronto.

Na kama hakupata rafiki hata mmoja, usimsimange, wala usimlinganishe na binamu yake mchangamfu. Wapo vijana wanaofurahia kitabu na upepo wa bahari, na likizo ni yao pia. Mwulize kama ameridhika, umsikilize, uamini atakachokujibu.

Lakini kwa walio wengi, wanachokosa si ucheshi bali ni nafasi. Basi mzazi mwenzangu, unapopanga safari yako, andika mapema kwenye ratiba: alasiri ya kwanza, klabu ya vijana; usiku wa kwanza, mkubwa wetu yuko huru. Wadogo watunze mwenyewe, bibi mpeleke mwenyewe, na simu yako iwe wazi. Mengine mwachie yeye.